Mama Ananiamkia Shikamoo

Ndugu Msimamizi wa Kundi letu la Wasomaji,

Natumaini hujambo na kundi zima halijambo. Kabla ya malalamiko, nikuambie jambo ambalo sijamwambia kiumbe yeyote: yule Mzee Miwani, mnayemngoja kila mkimaliza kitabu ili atoe neno, ni mimi. Nina miaka kumi na sita. Sikukusudia kuzeeka. Nilipojiunga na kundi kwenye simu, niliweka picha ya miwani kwa sababu uso wangu nauonea haya, nikaandika maoni marefu, na mwanakundi mmoja akaniamkia shikamoo. Kuiacha shikamoo bila jibu ni utovu wa adabu, nami nimelelewa. Nikaitikia marahaba. Tangu hapo ni mzee.

Sasa naomba, kwa heshima zote, umwondoe kundini mwanachama anayejiita Mama Cherehani. Huyo ni mama yangu mzazi. Hajui lolote. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila asubuhi, kabla hajakanyaga cherehani, huniandikia, "Shikamoo Mzee wetu, umeamkaje?" Naitikia marahaba nikiwa ndani ya shuka, kisha natoka kwenda kumwamkia yeye. Adabu ya nyumba hii sasa inazunguka kama feni.

2. Juzi tukila, nilijikaza nikasema yule mjane wa kwenye riwaya yetu ya mwezi huu si mkorofi, ana hofu tu. Mama akasema, "We mtoto, mambo ya wajane umeyajulia wapi? Kula, chakula kinapoa." Jioni Mzee Miwani akaandika maneno yaleyale. Mama akamjibu, "Hapo umemaliza, Mzee wetu! Mtu aliyeishi anajulikana tu." Kisha akaja chumbani kunisomea kwa sauti, eti nijifunze.

3. Kazi inaharibika. Alikuwa akisoma maoni yangu huku anashona, mkono wa gauni ukaelekea mgongoni. Mteja akauliza, "Fundi, nikilivaa hili nitembee kinyumenyume?" Mama akajitetea kwamba alikuwa anamsikiliza Mzee. Kwa hiyo aliyeliharibu ni mimi, na aliyepewa kulifumua ni mimi.

4. Hili ndilo lililonitoa jasho. Jana aliniandikia pembeni, nje ya kundi: "Mzee, nina binti. Namsikia akifunua kurasa ng'ambo ya ukuta, lakini nikiingia ananyamaza. Nisome kitabu gani ili aongee nami?" Ndugu Msimamizi, nimesomeshwa kwa lugha mbili, na ninanyamaza kwa ufasaha katika zote mbili. Sijamjibu. Kila akikata uzi, anatupia simu jicho.

Akibaki kundini, itabidi Mzee ajibu. Na akijibu vizuri, Mama atazidi kumpenda Mzee, mimi nibaki mfumuaji wa magauni. Ukishindwa kumwondoa, basi tangaza kwamba Mzee Miwani amefariki. Ila hapo Mama atalia, na wa kumbembeleza hapa ndani ni marehemu mwenyewe. Ndiyo maana naona kumwondoa yeye ni nafuu kwetu sote.

Nisalimie wanakundi wote, hata yule dereva wa lori ambaye kwake kila kitabu "si kibaya".

Ni mimi, mzee wako mwenye utii na aibu nyingi,
Mzee Miwani

Nyongeza: Barua hii naiandika kwa mkono ili nikutumie picha yake, na sasa nasikia kandambili za Mama zinakuja. Siku zote karatasi zangu huishia chini ya godoro. Leo naiacha mezani, wazi. Tafadhali usimwondoe Mama. Swali lake nitalijibu mwenyewe, kwa mdomo, hata kama ni kwa kigugumizi. Ameshafika mlangoni, anauliza kama nina shughuli. Nimemwambia sina, aingie asome.