Mbuzi Asiyekuwemo Kwenye Tarumbeta Langu

Ndugu Mhariri, na wote mnaoshinda na wino humo ofisini,

Mimi ni mzee wa miaka sabini na tisa. Nimewazika wapiga ngoma watatu wa bendi yetu, na madaktari wawili walioniambia kwamba nikiendelea kupuliza nitakufa. Hata meno yangu yote yameondoka, mimi nipo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko ukipanda na kushuka univumilie. Lakini kwa tarumbeta hakuna wa kunifundisha. Aliyekuwepo nimeshamzika naye.

Gazeti lenu la Jumatatu liliandika habari za kufunguliwa kwa duka la magodoro, ambako bendi yetu ilitumbuiza. Nina malalamiko.

1. Mwandishi wenu kaandika kwamba tarumbeta langu "lililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango." Ndugu Mhariri, mlango ulikuwa wazi. Duka lilikuwa linafunguliwa. Na mbuzi hakualikwa.

2. Kaandika tena kwamba baada ya mbuzi ikasikika "birika iliyosahaulika jikoni." Hilo si tarumbeta. Hicho ni kifua changu, na kifua ni mambo ya mtu na familia yake, si ya magazeti.

3. Kamalizia na "mlio wa vijiko ndani ya bakuli." Hayo ni meno ya bandia. Fundi wa meno aliniambia niyavue nikila karanga, tarumbeta hakulitaja. Sasa jumlisha mwenyewe: mbuzi hakuwepo, birika ni kifua, vijiko ni meno. Hakuna sauti hata moja iliyotoka kwenye tarumbeta, na bado lawama zote limebebeshwa tarumbeta. Huo ni uonevu.

4. Hili ndilo linaloniuma. Kiongozi wa bendi, niliyemfundisha mwenyewe tangu akishika tarumbeta kama chupa ya soda, kaikata habari yenu akaibandika mlangoni pa chumba cha mazoezi. Jumamosi mjukuu wangu anaolewa, na nafasi yangu kapewa mtu anayejua "pee" tu. Mjukuu mwenyewe akaniambia kwa upole, "Babu, wewe utakaa mbele na wageni, upumzike." Nipumzike kwa kazi gani? Kwenye arusi ya mama yake nilipuliza hadi bwana arusi akaziba masikio, kwa heshima.

Kwa hiyo naomba masahihisho kabla ya Jumamosi. Sisi wapulizaji tuna maneno yetu. Kuna "paa" ya kuwaamsha watu, kuna "taraa" ya kumwingiza bibi arusi, na kuna "woo" ya kufunika pale uliposahau. Mwandishi achague humo. Wanyama wapigwe marufuku kwenye habari zote za muziki, na ndege pia, maana tukiwaachia ndege mbuzi atarudi. Akibisha, aje nimpulizie sikioni aandike palepale, kama kalamu bado itashikika.

Nisalimie wapiga chapa, mfagizi wa ofisi, na hata mwandishi huyo; wazazi wake hawana kosa.

Wenu mwenye pumzi,
Mzee Tarumbeta

Nimesahau: kabla ya kufunga bahasha nilipuliza "taraa" moja dirishani, mke wangu apate kuthibitisha. Alikuwa anamshonea mjukuu pindo la gauni la arusi. Jirani akatokea mbio na kamba, akauliza mbuzi wetu kabanwa wapi. Mjukuu akacheka mpaka akakaa sakafuni na gauni lake, kisha akafuta macho.

"Babu, mbuzi huyu ndiye aliyenisindikiza shule siku ya kwanza," akasema. "Jumamosi aje. Kiongozi niachie mimi."

Basi msisahihishe kitu. Ila mwandishi wenu akifika arusini, aandike beberu. Mashahidi wangu ni mke wangu, ambaye sikio lake moja bado zima, na jirani, ambaye hajaamini hadi sasa. Yuko nyuma ya nyumba na kamba yake, anatafuta.