Fanki Halisi Imebaki Mitunguu, Kwangu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Joto. Vumbi. Hasira.

Nilikuwa ofisini napanga zamu za maji (mimi ndiye karani wa mradi wa kumwagilia mashamba, bila mimi ndizi zote za Mitunguu zingekuwa kuni) redio ikamkaribisha Munene wa Runyenjes, kule Embu. Munene! Mpiga kinanda wa maharusi! Mtangazaji akamuuliza kama fanki halisi, ule muziki wa Wamarekani weusi, bado ipo siku hizi. Munene akasema ipo sana, hata yeye huipiga kila wikendi. Nusura niitupe redio mtaroni.

Munene hubonyeza kitufe. Kinanda kinapiga ngoma, kinapiga besi, kinapiga hadi tarumbeta. Yeye kazi yake ni kutabasamu. Eti fanki.

Niandike hapa, kizazi kijacho kisome. Fanki halisi ni gitaa la besi, ni mtu anayetoka jasho kwenye ngoma, na ni pigo la kwanza. Lile pigo la kwanza lazima likanyagwe kwa uzito, mengine yote yalizunguke. Ukilikosa, umekosa yote. Hakuna anayelijua siku hizi. Imebaki sebuleni kwangu tu. Nina besi. Nina pedali. Nina Murungi, mpiga ngoma wangu, ingawa ni shemasi na hupiga kila kitu kama pambio.

Jioni dada yangu Kiende akaja. Jumamosi tunaenda Runyenjes kupeleka ruracio, mahari ya Wawira, mchumba wa Koome. Koome ni mtoto wa marehemu kaka yetu, kwa hivyo sasa baba yake ni mimi. Kiende akanipa kazi yangu: nivae koti, nitembee mbele, ninyamaze. Kuimba langoni ni kwake na mashangazi. Akanionya mara mbili kuhusu kunyamaza. Kisha, akiondoka, akataja kwamba watu wa Wawira wamemkodi Munene aburudishe wageni.

Nilifurahi hadi nikamrudisha ndani nikamwongezea chai. Mungu ananipenda.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango uko tayari. Ni mzuri mno.

Kule, kama kwetu, mgeni wa ruracio hafunguliwi lango hivi hivi. Wanawake wa nyumbani hufunga leso langoni na kuimba, wakiuliza nyinyi ni nani na mmekuja kutafuta nini. Wageni hujibu kwa wimbo. Jibu likiwapendeza, leso inafunguliwa. Lisipowapendeza, mnabaki nje na mbuzi wenu. Umati wote huwa hapo. Munene pia atakuwa hapo.

Basi safari hii jibu litakuwa fanki. Besi, ngoma, spika, jenereta. Runyenjes itauliza sisi ni nani na Runyenjes itajibiwa kwa namna ambayo haitasahau.

Mazoezi na Murungi. Vibaya sana. Nilimwambia akanyage pigo la kwanza, akalikwepa kama anakwepa deni. Akauliza kama tunaweza kumaliza mapema, zamu yake ya maji imefika. Nikamkumbusha zamu za maji nazipanga mimi. Akapiga kwa bidii zaidi, lakini bado pambio.

Koome alipita akasikia. Alishtuka. Akasema baba mdogo, tafadhali, wazee wa Wawira si watu wa mchezo, na yeye amemngojea huyu msichana tangu wakiwa chuo cha ualimu. Akasema mambo yakiharibika Jumamosi hajui atafanya nini. Macho yalikuwa mekundu. Nikamwahidi kwamba sitafanya lolote la aibu. Fanki si aibu, kwa hivyo sikudanganya.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo nilikwenda uani kwa Kiende kutazama mashangazi wakifanya mazoezi. Masikitiko matupu.

Wanawake kumi na kitu, viatu wamevua. Mmoja anapiga mtungi wa maji kwa kandambili. Kiende anatupa mstari, wenzake wanaudaka kabla haujatua, kisha wote wanakanyaga chini kwa pamoja. Vumbi linaruka. Kuku walikimbia. Kikombe changu cha uji kilitembea chenyewe mezani. Kelele, hakuna zaidi.

Niliwasimamisha. Nikawaeleza pigo la kwanza. Nikawahesabia. Wakanitazama. Kiende akasema wao wamekanyaga hivyo tangu kabla sijaota meno, na kwamba nikae pembeni nimalize uji. Wakacheka. Yule wa mtungi alicheka hadi akakaa chini.

Watu hawa hawafundishiki! Wakiwa langoni watafunika besi yangu kabisa. Dawa nimeipata. Nilimtafuta dereva wa pikapu itakayowabeba, nikamwambia mipango imebadilika, asiwachukue alfajiri, awachukue jua likishapanda. Akauliza kama Kiende anajua. Nikamwambia mimi ndiye baba wa bwana harusi. Akasema sawa mzee.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilijisikia mwepesi. Hii ndiyo raha ya kuwa na akili.

Ijumaa, 8 Agosti

Jenereta limepatikana. Ni la kanisa. Murungi alilitoa kwa masharti kwamba tusilitumie kwa mambo ya dunia. Nikamwambia ndoa ni sakramenti. Alifikiri sana, akasaini mwenyewe.

Mchana Munene alinipigia simu. Sauti laini, heshima tele. Akasema amesikia kwa watu kwamba mzee anakuja na vyombo, na Runyenjes wiki hii kuna ukungu na umeme unasumbua, kwa hivyo kama nataka atanivutia waya kutoka ndani. Ameniita mzee! Nilijua ni mtego. Mtu wa kinanda hawezi kumwonea huruma mtu wa besi bila sababu. Nikamwambia fanki haiombi waya. Akasema haya mzee, karibuni sana. Nikawahi kukata simu kabla yake.

Nimepiga pasi koti.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa shida. Si woga, ni kubeba spika.

Runyenjes baridi, ukungu hadi kwenye magoti. Tulisimama barabarani nje ya lango: mimi, Murungi, Koome, wazee wachache wa kwetu na mbuzi. Wazee wakauliza wanawake wako wapi. Nikasema wanafuata. Ndani ya lango wanawake wa Embu wamejaa, leso imefungwa, na mbele yao Mama Wanja, dada mkubwa wa mama yake Wawira, mwanamke mpana mwenye kofia ya sufu. Akaimba akiuliza sisi ni nani.

Nikawasha jenereta. Nikakanyaga pedali. Nikajibu.

Nilipiga vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Nikamaliza. Mama Wanja akauliza kwa sauti, juu ya uzio, kama tumekuja kuposa ama tumeleta mashine ya kusaga mahindi. Ndani wakaangua kicheko. Hata wazee wetu walicheka, wasaliti.

Wakaimba tena, polepole, kama watu wanaomrudia mtoto swali. Nikamkonyeza Murungi. Murungi akapiga pambio. Jenereta likakohoa, likatoa moshi mweusi, ukungu na moshi vikachanganyika, mbuzi mmoja akakata kamba. Ndani wanawake wakageuka. Wakatupa mgongo! Wengine wakakaa kwenye nyasi na kuanza kumenya viazi.

Baadaye mjomba wa Wawira akatoka kwenye uzio. Mzee mwembamba, mpole, mpole wa kuogopesha. Akasema wazee wako tayari kula, na wao hawajawahi kumpokea mtu ambaye hakuja na wanawake wa kumsemea. Mwanamume anayejiimbia langoni, akasema, huyo hana nyumba. Kama hatuna sauti, turudi na mbuzi wetu, tuongee tena baada ya msimu wa kahawa. Koome aliposikia msimu wa kahawa alishika uzio kwa mikono miwili. Wawira alikuwa dirishani. Aliona yote. Akafunga pazia.

Niliona aibu. Naandika hili kwa sababu ni kweli. Nilitaka kumwambia Koome neno lakini waya ulikuwa umenizunguka mguuni.

Ndipo pikapu ikatokea kwenye ukungu. Kiende aliruka kabla haijasimama, ameshaanza kuimba. Hakunitazama. Mashangazi wakashuka nyuma yake wakivua viatu, wengine wakaanza kukanyaga wakiwa bado juu ya pikapu. Mtungi ukalia. Kiende anatupa, wenzake wanadaka, wote chini kwa pamoja, na lami yenyewe niliisikia kwenye meno.

Ndani viazi viliachwa. Mama Wanja alisimama, akavua ile kofia, akajibu. Kiende akamrudishia. Wakawa wanarushiana mistari bila kupumua, uzio unacheza, wazee wa Embu wametoka na vijiko mikononi. Hata kwa lugha hawakukwama, Kimeru hapa, Kiembu pale, wanaelewana na kuchokozana. Munene aliacha kinanda chake kimezimwa akaja kupiga makofi na mdomo wazi. Murungi wangu, shemasi wangu, aliniacha nimesimama. Alinyakua sufuria, akalitwanga kwa namna ambayo sijawahi kumfundisha. Alikuwa analia na kucheka.

Mimi peke yangu nilibaki na akili timamu. Nilipiga kelele kwamba wamekosa mdundo, kwamba wasimame tuanze upya na besi. Hakuna aliyesikia. Leso ikafunguliwa. Wote wakamiminika ndani wakikumbatiana, na Koome nilimwona amebebwa juu juu.

Mlangoni kijana mmoja alinizuia kwa adabu. Akasema mafundi wa jenereta wanakula upande ule, na madereva. Chakula kilikuwa kizuri.

Jumapili, 10 Agosti

Mgongo unauma. Murungi ameitwa na wazee wa kanisa kuhusu jenereta.

Tarehe ya harusi imepangwa, Desemba. Koome alimpigia Kiende simu kumshukuru, alilia. Mimi hakunipigia. Nilimpigia mimi. Akasema baba mdogo, nimekusamehe, lakini uliniua. Nikamweleza polepole: kama si mimi kuchelewesha ile pikapu, mashangazi wasingefika na hasira, na bila hasira wasingeimba vile. Kwa hivyo ukitazama vizuri, mke nimempa mimi. Akakata simu. Nadhani alikuwa ananishukuru moyoni.

Kiende naye alikuja na kuniambia mambo ambayo siwezi kuyaandika siku ya Bwana.

Mchana Munene akapiga simu tena. Akasema hajalala. Akasema alienda kwenye redio kutangaza anaipiga fanki na hakuwa anajua anasema nini hadi jana langoni, na sasa anataka kujua kama yule dada yangu anaweza kumkubali uani akae pembeni asikilize tu. Masikini! Mtu mzima, ana vyombo vya maana, anataka kujifunza kwa mwanamke mwenye mtungi. Nikamjibu kwamba alichokisikia kilikuwa wanawake wakifungua lango, na kama anatafuta fanki, mlango wangu uko wazi. Akasema asante mzee, akaomba namba ya Kiende.

Hiyo ndiyo hali ya muziki nchini.

Jumatano, 13 Agosti

Siku kubwa! Kubwa sana!

Nilikuwa nafuta vitu kwenye simu ili ipate nafasi, nikakuta sauti ndefu isiyo na jina. Sijui nani alinitumia. Nikaweka kwenye spika bila kutegemea lolote.

Nilisimama. Nilikaa. Nilisimama tena. Fanki! Halisi! Pigo la kwanza limekanyagwa hadi kifua kinaitika, halafu sauti zinapanda juu yake, zinakatana, zinarudi, na kuna mtu anapiga chuma fulani kwa ujasiri ambao siku hizi umekwisha duniani. Machozi yalinitoka. Maneno ya waimbaji hayasikiki, kama vile maikrofoni ilikuwa ndani ya blanketi, na ndivyo walivyorekodi enzi hizo. Nakadiria mwaka wa sabini na mbili. Marekani, upande wa kusini. Kile chuma ni ala ambayo nadhani haitengenezwi tena.

Nimeiweka kwenye kundi letu la WhatsApp la Wapenzi wa Fanki Halisi (mimi, Murungi, na mtu mmoja anayeuza vifaranga). Nikaandika: hii ndiyo fanki, na baada ya hawa hakutakuwa na wengine.

Murungi akajibu kwamba hilo ni sufuria. Sikumjibu. Ana msongo wa mawazo kwa ajili ya kanisa.

Jioni Kiende alikuja kuchukua sinia lake, akasikia. Akaanza kucheka. Akasema huyo anayeanza ni yeye. Huyo anayemjibu ni Mama Wanja. Akasema simu ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu Jumamosi na ikaanza kurekodi yenyewe. Nilimhurumia. Ukitaka kujua jinsi watu wasivyojua fanki, waonjeshe fanki. Watasema ni wao. Nikamweleza kwa upole kwamba hawa ni watu waliofanya kazi hii maisha yao yote. Akasema haya, basi nisikilize katikati, kuna mwanamume anapiga kelele, nimwambie huyo ni nani.

Nikasikiliza. Ni kweli, yupo, karibu na maikrofoni kuliko wote. Sauti nyembamba, ya kulalamika, anadai wenzake wamekosa mdundo, anataka waanze upya. Wamekosa mdundo, hao! Wanamuziki wakubwa wamempuuza, wakaendelea, na walifanya vyema. Kesho nitatafuta namna ya kumkata. Miaka hamsini imepita na bado mpumbavu mmoja anatuharibia muziki.