Hodan Alivyousoma Ukuta

Leo niliisikia aibu yangu kabla sijaiona. Ilikuja alfajiri, kwa sauti za watoto nyuma ya darasa la nne: sauti moja ikitangulia, nyingine zikiifuata, zikipanda na kushuka kama wanavyokariri duksi, chuo chao cha Kurani. Nilikuwa nachota maji kwenye tangi la shule. Nikasimama na ndoo yangu, moyo ukalainika. Nikajiambia, watoto wanamwomba Mungu kabla mgeni hajafika. (Mkitaka kumwona mjinga, mtafuteni mtu anayetokwa na machozi akiwa ameshika ndoo.)

Jamaa zangu wa Jumamosi, nyinyi mnaosomeana hadithi huko Nairobi pasipo na vumbi, nawaandikia aibu ingali moto.

Mgeni mwenyewe alikuwa diwani, mkubwa wa kamati ya elimu hapa Garissa. Nimemsumbua muhula mzima. Nataka halmashauri ilipe daktari wa macho aje awapime watoto wetu, na asiyeona anunuliwe miwani. Siku hizi hata kadi ya hospitali inalipiwa, na mzazi mwenye mbuzi wachache hauzi mmoja kwa ajili ya herufi. Kila nikienda ofisini kwake jibu ni moja: "Abaayo, mtoto wa Kisomali anaona ngamia yake mpaka Wajir." Abaayo ni dada. Akikuita hivyo, ujue anataka unyamaze.

Basi nikamwambia aje amwone Hodan.

Hodan wangu anaandika anachosikia, kwa sababu ubao kwake ni wingu jeusi. Baba yake alimpeleka malishoni, Hodan akakizunguka kichaka jioni nzima akikiita kwa jina la mbuzi. Sasa baba ameamua: darasani hasomi, malishoni haoni, muhula ukiisha atakaa nyumbani angoje kuolewa. Ana miaka kumi na mmoja.

Nilichora herufi kwenye karatasi ya manila, kubwa juu, ndogo chini, nikaibandika ukutani kwa uji mzito wa unga. Niliibandika Jumatatu, ili watoto waizoee wasiiogope. (Leo ni Alhamisi. Shikeni hapo.)

Mheshimiwa akaingia, suti ya Kaunda, mswaki wa mti mdomoni. Akakalia kiti changu. Mwalimu Mkuu, mtu wa Kitui anayekubaliana na kila aliyevaa suti, akasimama pembeni yake akitikisa kichwa hata kabla hajaambiwa kitu.

Nikaanza na Abdi, anayeona vizuri, ili mgeni apate cha kulinganisha. Akasoma yote. Sawa. Nikamwita Fatuma, ambaye juzi alimwamkia mlinzi akidhani ni mimi. Akasoma yote. Nikamwita Yusuf, anayeshika kitabu puani. Yote, tena haraka, kwa wimbo kidogo.

Wimbo huo nilikuwa nimeusikia alfajiri.

Hawakuwa wakimwomba Mungu. Wenye macho waliwakaririsha wasio na macho, herufi kwa herufi, kwa sababu mwalimu wao ana mgeni na hawatakubali aaibike. Huo ndio upendo wa darasa la nne.

"Mwalimu," akasema diwani, "hii watoto iko na macho mzuri kushinda yangu."

"Kabisa, mheshimiwa," akasema Mwalimu Mkuu.

"Bado Hodan," nikasema.

Hodan akasimama, shela imenyooka, mikono nyuma. Akaanza. Hakukosea. Akashuka mpaka mstari wa mwisho, ule ambao hata mimi niliuandika nikiwa nimefinya macho, akamalizia kwa adabu: "Halafu kuna K, lakini mwalimu alikosea akaikata."

Diwani akapiga goti lake kofi. "Wallahi, huyu anaona mpaka makosa!"

Darasa likacheka. Naye akaanza kuinuka.

Hapo nikapoteza akili. Nikapanda benchi niigeuze ile manila juu chini. Uji wa unga wa Garissa ukikauka huwa saruji. Nikavuta. Nikavuta tena. Manila ikatoka pamoja na plasta, benchi likainuka upande mmoja, dera langu likanasa kwenye msumari, na mimi nikashuka bila dera kunifuata. Nikatua chini nimekaa, karatasi kichwani kama mwavuli. Dera limepasuka toka kiunoni. Ndani nimevaa sketi niliyoshona kwa pazia la mamangu, lenye tausi.

Kila mtu aliniona. Mwalimu Mkuu alinitazama, akatazama dari, akanitazama.

Kila mtu, isipokuwa mmoja. Katikati ya vicheko Hodan alikuwa bado amesimama wima, uso umeelekea ukuta mtupu. Alisikia kishindo, akadhani nimegonga meza ili arudie. Akarudia. Kutoka juu, herufi kubwa, mpaka chini, mpaka K iliyokatwa.

Vicheko vikafa kimoja kimoja.

"Anasoma nini?" akauliza diwani.

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Mwalimu Mkuu alisema jambo la maana. "Ukuta, mheshimiwa."

Nikainuka, nikaubandika mgongo wangu kwenye ukuta huo. Diwani akatoa mswaki mdomoni.

"Basi. Daktari atakuja. Halmashauri italipa. Lakini miwani, wazazi wajichangie."

"Hapana," nikasema. "Umwambie mtoto haoni, kisha umwache hivyo hivyo? Na miwani."

"Abaayo, njoo nje tuongee."

"Sitoki hapa."

"Angalau sogea kidogo."

"Sisogei hata kidogo mpaka useme miwani, mbele ya watoto hawa."

(Nilimaanisha kila neno. Pia tausi walikuwa nyuma yangu.)

Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni. Labda hajawahi kumwona mwanamke aliyeganda ukutani hivyo. Akamtazama Hodan, aliyekuwa akitabasamu kuelekea dirishani, akiamini amefaulu.

"Na miwani," akasema. "Mumesikia nyote."

"Tumesikia!" likajibu darasa, nao wakisikia kitu hawakisahau, mmeshaona.

Jumatatu nitakuwa mlangoni kwake, dera jipya, kumkumbusha. Nyinyi chekeni mkipenda, ila mwenye kunichora nimekaa na manila kichwani atanijua.

Desturi yetu mgeni husindikizwa mpaka getini. Alingoja nimsindikize. Sikusogea. Akashika njia peke yake, na Hodan, kwa heshima yote, akapapasa mpaka akalipata komeo, akamfungia mlango nyuma yake.