Jinsi Waithera Alivyoulinda Msumari wa Jumba la Shamir

Sogeeni, nyinyi mnaopita mtaa wa Biashara mmeinamia simu zenu, nanyi wa Lavington mnaoichungulia dunia kupitia vioo vya magari. Zimeni kila kinacholia mnipe masikio, kwa maana nasimulia vita ambavyo havikumwaga damu ila chai, na habari za Waithera binti Kiragu, mlinzi wa birika, bingwa wa ufagio, ambaye kwa kamba ya aproni aliokoa heshima ya jumba zima. Anayetaka kubisha na abishe sasa, maana mimi nikianza sisimami.

Jumba lenyewe ni la Shamir, la mawe ya kijivu yaliyochongwa kwa mkono. Babu yake alilijenga liwe ghala la vitambaa, baadaye likakaliwa na mawakili, hata akatokea Ishita, msanifu majengo asiyepitwa na kitu, akaligeuza mkahawa chini na maktaba juu pasipo kuvunja jiwe hata moja. Ngazi za mbao zikahifadhiwa, mizani ya vitambaa ikahifadhiwa, na picha za mabwana wote waliopata kukaa humo zikapangwa ndani ya kabati la kioo. Na Waithera, aliyelipangusa jumba hilo miaka ishirini na sita, akitoka Woodley kila alfajiri, alikuwa na nini cha kuhifadhiwa? Msumari mmoja.

Ulikuwa ukutani jikoni, kwenye kiungo cha mawe mawili, naye aliupigilia mwenyewe kwa kisigino cha kiatu, asubuhi ya kwanza ya kazi, akatundika sweta yake. Mawakili walikuja wakaenda, sweta tatu zilichakaa, msumari haukutikisika. Hakuwa na kitu kingine humo alichoweza kukiita chake.

Basi ikawa siku ambayo jopo la waamuzi wa Tuzo ya Majengo ya Kale lilikuwa lije kuleta ushindi, Ishita akapita jikoni kwa ukaguzi wa mwisho, akauona. Akamwambia Waithera, kwa upole mwingi, kwamba kitu kisicho na historia hakiwezi kubaki kwenye ukuta wenye historia, na kwamba sweta imetengewa kabati la chuma, namba kumi na nne, kule nyuma. Waithera akaitikia sawa madam. Ila moyoni ilimuuma, jamani, ilimuuma kama kuambiwa yeye mwenyewe aende namba kumi na nne.

Ndipo alipotumwa Shem, fundi wa kutisha, mwenye nyundo ya makucha, aliyekwisha kung'oa kwenye kuta hizo misumari mia tatu na kumi na miwili bila kuhurumia hata mmoja. Aliingia jikoni saa nne kasoro dakika tano. Waithera alikuwa amesimama mbele ya msumari, birika mkono wa kulia, sahani ya mandazi mkono wa kushoto.

"Mathe, mimi sina neno na wewe," akanena Shem, "wala na hii msumari yako. Lakini madam amesema itoke, na mimi nikitumwa, huwa sirudi mikono mitupu."

"Nani amekuzuia, fundi? Itoe," akajibu shujaa wetu. "Mimi nauliza tu kama utaitoa kabla ya chai ama baada ya chai. Iko na tangawizi."

Hapo nyundo ikashuka. Tangu mji huu uanze kujengwa, hajazaliwa fundi wa kushika kazi saa nne chai ikiwa mezani. Shem alikunywa kikombe cha kwanza, akaongezewa cha pili, na kila alipoinua macho kuelekea ukutani, andazi jingine lilimkabili. Alipokuwa kwenye la sita, milango ikafunguliwa na waamuzi wakaingia hadi jikoni, Shamir na Ishita wakiwafuata.

Mbele yao alitembea Mzee Mbuthia, mwenyekiti wa jopo, mwenye bakora na miwani miwili. Alilisifu jumba kwa hotuba ndefu kama foleni ya Ngong Road, kisha akatoa bamba zito la shaba, na pamoja nalo skrubu nne. Sheria akazisoma mwenyewe: bamba liwekwe kwenye ukuta wa asili kabla waamuzi hawajatia sahihi, na ukuta wa asili ukitobolewa tundu moja jipya, tuzo inakwenda kwa mwingine.

Shamir alimtazama Ishita, Ishita akazitazama kuta zake safi, zilizokwisha kung'olewa misumari na kuzibwa matundu, kisha akamtazama Shem, na Shem akayatazama makombo. Miaka miwili ya kazi ilikuwa inakwenda hivyo, mbele ya wageni.

Waithera akafungua aproni, akachomoa kamba, akaipitisha kwenye matundu mawili ya juu ya bamba, akapiga fundo analofungia magunia ya makaa. Akaitoa sweta. Akalitundika.

Bamba likatulia. Mzee Mbuthia akasogea, akavaa miwani ya pili juu ya ile ya kwanza, akaukagua msumari kwa muda mrefu.

"Mama," akauliza, "hii msumari iko hapa tangu lini?"

"Mzee, siku yangu ya kwanza kwa hii kazi nilitundika sweta hapo hapo," akasema Waithera, naye hakudanganya. "Sijawahi kuona imesonga."

"Ya asili kabisa," akatangaza Mzee kwa jopo. "Iandikwe. Na isiguswe."

Wakatia sahihi. Ishita, ambaye si mjinga, alimtazama Waithera kwa muda, akacheka kimya kimya, kisha akachukua kalamu na kuuchora msumari kwenye ramani ya jumba, kati ya ngazi na mizani.

Hivyo ndivyo historia ilivyopatikana siku ile. Nanyi mkienda leo kulitazama bamba, hamtaliona, kwa kuwa limefunikwa na sweta ya kijani. Mwombeni mwenyewe taratibu. Akimaliza kumimina chai, atawainulia.