Uzinduzi wa Mtambo wa Kuisoma Damu Kabla Mambo Hayajaharibika

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa hakuweza kufika ameniomba nimwakilishe, nami nimejikubalia. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ndiye mimi. Waganga wakuu, wauguzi, watu wa maabara, ndugu wa wagonjwa mliopanga foleni hapa mkidhani ndipo dirisha la dawa (kicheko), mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na pale isipozingatiwa naiomba ijizingatie yenyewe. (Makofi.)

Leo, mbele ya mlango huu wa wodi ya wagonjwa mahututi, nasimama kifua mbele kuzindua rasmi, kimkakati, kishirikishi na kidijitali, Mradi Jumuishi wa Bayomaka za Damu kwa Utabiri wa Sepsisi, ambao mimi binafsi, bila kujisifu ingawa nastahili, niliuota, nikauandikia dhana, na kuusafiria semina mara nyingi kuliko mke wangu anavyopenda. (Kicheko.) Sepsisi, kwa wale wasiohudhuria semina, ni pale maambukizi, yawe ya kidonda au ya mapafu, yanapouchokoza mwili, nao mwili ukapandwa na hasira kupita kiasi, ukaanza kujitwanga wenyewe, figo, mapafu, moyo, kila kiungo kikapata chake, na bayomaka ni vitu vidogo ndani ya damu, kama prokalsitonini na lakteti, vinavyopanda mapema na kumnong'oneza daktari kwamba hapa hali si shwari. Kwa mradi huu tutatabiri asilimia mia moja na kumi na nne ya wagonjwa, yaani hata wale ambao bado hawajaugua! (Makofi. Sauti kutoka nyuma: "Mtutabirie na mishahara!")

Hilo nalo lipo kwenye mkakati. Naona mama amenyoosha mkono, mpeni maikrofoni. (Anasimama mwoka mikate, aproni imejaa unga: "Mheshimiwa, mume wangu yumo humo ndani. Jana homa ilimpanda mpaka akaniita kwa jina la dada yake. Naomba mumpime na huo mtambo sasa hivi, mniambie kama atapona.")

Mama, swali lako ni zuri, tena la kimkakati, na litajibiwa kikamilifu katika awamu ya pili ya utekelezaji. ("Mume wangu hana awamu ya pili, Mheshimiwa!" Hakuna anayecheka.)

Kweli. Hana. (Anafunua ukurasa, anafunua mwingine.) Jamani, aliyeniandikia hotuba hakuliweka hili. Dada daktari, acha kuegemea huo mlango, njoo umjibu mama yetu, maana mimi hapa nimegonga ukuta.

(Daktari wa wodi, bado na glavu mkono mmoja: "Mama, alfajiri tulimtoa damu, na bila kungoja majibu tukamwanzishia antibayotiki na maji ya mshipani. Damu ilikimbizwa kwa pikipiki maabara ya jirani. Lakteti ilikuwa juu; tulipopima tena, imeshuka. Kipimo kimoja hakisemi yote, kwa hiyo tunamwangalia na yeye mwenyewe: anapumua vizuri, mkojo umeanza kutoka. Hatujamaliza kazi, ila anakwenda vizuri.")

Mkojo umetoka! (Vifijo.) Waandishi, andikeni hayo kuwa ni matokeo ya awali ya mradi! (Daktari: "Mradi upi, Mheshimiwa?") Tutazungumza ofisini, dada. Na wewe muuguzi, mbona unachungulia? (Muuguzi mlangoni: "Ameamka. Anauliza, kama mkewe yuko hapa, tanuri anaangalia nani?" Mwoka mikate anacheka na kulia kwa pamoja, anaiacha maikrofoni hewani.)

Nenda, mama, nenda! Mpisheni! Ondoeni utepe huo, msimkwaze! (Utepe wa uzinduzi unakatikia kwenye goti la mwoka mikate. Makofi marefu kuliko yote.) Ndugu zangu, nimekata tepe nyingi katika utumishi wangu, ila huu ndio wa kwanza kukatwa na mtu mwenye haraka ya maana. Mtanisamehe, vumbi limeniingia machoni. ("Hapa ni vigae, Mheshimiwa!") Basi limetoka kwenye vigae! (Kicheko kikubwa.)

Tuseme wote: bayomaka! ("Juu!") Lakteti! ("Chini!") Mradi! ("Uko wapi?")

Kwa swali hilo zuri, nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wafadhili, ambao tutaanza kuwatafuta Jumatatu. Naishukuru kamati ya wataalamu, itakayoteuliwa pindi tukijua ifanye kazi gani. Na naushukuru mtambo wenyewe, ambao haujaagizwa wala kuchaguliwa, na picha yake kwenye bango hili, kusema ukweli, ni ya mashine ya kufulia ya shemeji yangu. (Watu wanashika mbavu.) Asanteni sana. Uzinduzi umefana, sasa kimebaki kitu kidogo tu, mradi.