Paa la Mjomba Kwenye Ukurasa wa Kwanza

Jumatatu, 3 Machi
Mvua zimeanza na mjomba, fundi wa kuezeka, hana kazi. Kanikabidhi tovuti yake hadi Ijumaa. Watu wakitafuta “paa” mtandaoni wamwone yeye kwanza, la sivyo tovuti anampa binamu yangu, tunayemwita Kompyuta. Nimeahidi. Nina shahada. Nimeandika insha: “Paa na Upweke wa Anayenyeshewa.” Aya ya tatu imeniliza. Mjomba kaisoma yote, kisha akauliza namba yake ya simu iko wapi. Nilikuwa nimeisahau.

Jumanne, 4 Machi
Nimetafuta “paa”. Wa kwanza ni muuza magodoro. Magodoro! Ana sentensi moja tu: godoro lake halishindwi hata paa likivuja. Tovuti yetu nimeitafuta ukurasa baada ya ukurasa, hadi mahali ambapo nadhani hajafika binadamu. Hatupo.
Kompyuta, huku akitafuna kalamu yangu, akasema mtambo wa kutafutia hausahihishi insha. Unaangalia tovuti ina umri gani, nani wanaitaja, watu wanaifungua mara ngapi. Muuza magodoro ni wa siku nyingi na nusu ya mji inamtaja. Wewe dada, akauliza, nani anakutaja? Nilikuwa bado nahesabu, na nilikuwa sijapata hata mmoja.

Jumatano, 5 Machi
Mpango. Mtambo ukiwa mjinga, nitauzungumzia kijinga. Insha nimeifuta (nakala ninayo). Sasa ni paa juu mpaka chini. Hata “la” na “ya” nimeziondoa, zinakula nafasi bure. Paa nyumba. Paa kijani. Paa haraka. Paa aina zote. Sarufi ni anasa ya wenye wateja.

Alhamisi, 6 Machi
Simu inalia! Mjomba kapokea kwa tabasamu. Mtu akauliza paa anakula nini. Mjomba akajibu kwa heshima kwamba halili kitu, linataka rangi tu kila baada ya miaka michache. Kisha mwalimu, anaomba kuleta darasa zima liwaone. Mjomba akamwambia karibuni, ila watoto wasipande juu.
Kompyuta akatazama mtandaoni, akacheka mpaka akakaa sakafuni. Tumekuwa wa kwanza kweli, lakini kwa paa wa porini, ambako washindani hawajai mkono. Tumewapita watu wote wa wanyamapori. Mahali fulani kuna mpenda swala ananilaani kama nilivyomlaani muuza magodoro.

Ijumaa, 7 Machi
Mjomba hakufoka. Heri angefoka. Alisema tu, mwanangu, akili zako ni nyingi mno kwa kazi ndogo kama hii, na akaomba namba ya siri ya tovuti. Kompyuta akaweka picha za nyumba, simu juu kabisa, akawaomba wateja wa zamani wamtaje mjomba. Mmoja wao kamleta jirani ambaye jiko lake linavuja. Mjomba kaondoka na ngazi begani, anapiga mluzi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimejichunguza bila huruma. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la neno. Lina maana mbili, nani angeliweza? Bahati nzuri mama mdogo anashona tai za sare za shule na hana tovuti. Nimemshawishi asubuhi hii. Neno fupi, safi, halina utata wowote. Nimeshaanza: Tai kwa kila mtoto. Tunaleta mpaka darasani.