Kikao cha Ulimi wa Taifa

Kwa furaha kubwa, na kwa idhini niliyopewa, natangaza kwamba taifa letu sasa lina ulimi. Zamani kila mwananchi alionja kwa ulimi wake mwenyewe, jambo lililoleta mkanganyiko usiovumilika. Huyu anasema bia ni tamu, yule anasema chungu, na serikali imekaa katikati haina msimamo. Hali hiyo imekomeshwa. Ipo sasa Kamati ya Ulimi wa Taifa, Kitengo cha Bia Kali za Mtindo wa Kijerumani, na Katibu wake ndiye mimi.

Kabla ya Kitengo lilikuwapo genge tu. Tulikutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha baa ya Shangazi. Si shangazi yangu wala wa mtu yeyote. Ni shangazi wa chumba kizima. Anapika bia mwenyewe, nyeusi, nzito, ile inayolazwa kwenye baridi wiki na wiki mpaka itulie kama mtu aliyeshiba. Bia hizi tuliziita mbuzi, kwa sababu Wajerumani wenyewe hupenda kuchora mbuzi kwenye lebo. Mbuzi mweupe ndiye mwepesi kidogo. Mbuzi mweusi ndiye anayekukalisha.

Aliyekuwa na ulimi kuliko sote ni Kinyozi.

"Hii ina mkate ulioungua ukingoni," anasema, glasi iko puani.

"Wapi. Hii ni zabibu kavu," namjibu.

"Zabibu umezijulia wapi, wewe uliyekulia maandazi?"

Basi tunabishana mpaka jua linapinda, mmoja anamwonjesha mwenzake, mwingine anamtetea mbuzi wake kama mtoto wa kumzaa. Serikali ilipopata habari kwamba watu wanabishana bila kuratibiwa, na tena wanafurahi, ikatuletea Mkurugenzi.

Mkurugenzi ni mtu mfupi wa maneno marefu. Siku ya kwanza alisimama katikati ya chumba cha nyuma, akatazama mapipa, akatutazama sisi, akasema sekta hii imekosa mwelekeo. Akaagiza kwamba bia kali itakayopewa Nembo ya Ulimi itakuwa moja tu. Itakayoshindwa itamwagwa yote kwenye mtaro mbele ya mashahidi, na mwenye nayo atafunga mlango wake. Zilizoingia fainali zilikuwa mbili: ya Shangazi, na ile inayoagizwa kutoka ng'ambo na bwana mmoja ambaye ni kaka wa mke wa Mkurugenzi. Hiyo ilikuwa sadfa. Kwa sababu Mkurugenzi alimwita Shemeji, na sisi tulimwita Shemeji, kwa heshima.

Shangazi alinivuta kando, nyuma ya friji.

"Mwanangu Katibu, mapipa haya yakimwagwa, mimi naenda wapi? Sina kingine ninachokijua."

"Shangazi, ondoa shaka. Kamati haina upande."

"Najua haina. Ndiyo maana silali."

Ili haki itendeke, Mkurugenzi alitunga kanuni. Kutema baada ya kuonja kulipigwa marufuku, kwa kuwa ni kupoteza sampuli ya umma. Mkate na maji vikaondolewa mezani, maana kuosha ulimi ni kufuta ushahidi. Neno "tamu" likafutwa katika shughuli za Kamati, badala yake tukapewa "inaridhisha". Na mwonjaji atakayelewa kazini atapoteza cheo chake papo hapo, na uamuzi wake utakuwa batili. Hiyo ya mwisho ilimlenga Kinyozi, ambaye hucheka kwa sauti, na kicheko kwa mtazamo wa serikali ni dalili.

Makao makuu, waliposoma kwamba tuna mbuzi weupe na weusi, walituongezea mjumbe, Bwana Mifugo. Alifika na mabuti na kipimajoto kirefu.

"Wanyama wako wapi?"

Kinyozi akampa glasi. Bwana Mifugo akanusa, akaonja, akavua mabuti. Hakurudi ofisini kwake tena. "Huyu mweusi," aliandika katika taarifa yake ya kwanza, "ana afya."

Jumamosi ya kikao chumba kilifurika. Walikuwapo mafundi wa gereji, wauza nguo, mama mkwe wa Kinyozi, na watu ambao hawakujua kinachoonjwa lakini walijua kuna kitu kitamwagika. Tulianza na kupasha ulimi, yaani kuonja mbuzi weupe wa wapikaji wengine ambao hawakuwa na kesi. Sisi wa genge tulinywa kidogo kidogo, funda moja na maneno kumi. Mkurugenzi alimaliza kila glasi. Alieleza kwamba kiongozi akibakiza, walio chini yake watajifunza kubakiza, na nchi itajaa mabaki.

"Pole pole, Mkuu," Kinyozi alimnong'oneza. "Hizi hazina haraka. Zinakusubiri kwenye ngazi."

"Sijaona ngazi hapa."

"Utaziona."

Yakatolewa mapumziko mafupi. Mimi si mtu wa kusikiliza mambo ya watu. Nilikuwa nimesimama tu kwenye ujia wa kwenda msalani, na sikio langu nilikuwa nalo.

"Glasi hazina majina," Shemeji alikuwa akisema, "lakini usihofu. Hawa watu desturi yao ni kuanza na nyepesi, kisha nzito. Yangu ndiyo nzito kuliko ya yule mama. Kwa hiyo ya kwanza unaiponda, ya mwisho unaisifu."

"Ya kwanza naiponda."

"Ya mwisho ndiyo yetu."

"Ya mwisho ndiyo yetu," alirudia Mkurugenzi, kwa umakini wa mtu anayekariri namba ya simu.

Mtu mwenye haraka atauliza kwa nini sikutoa taarifa. Malalamiko dhidi ya Mkurugenzi hupelekwa kwa Mkurugenzi, na nilimwona ana shughuli.

Tukarudi mezani. Bwana Mifugo ndiye aliyekabidhiwa kumimina, nyuma ya pazia, kwa kuwa ndiye pekee ambaye hakuwa na undugu na bia yoyote. Shangazi aliketi pembeni, mikono imelala mapajani kama ya mtu aliye kwenye foleni ya daktari. Kinyozi akaeleza taratibu.

"Tutaanza na nyepesi, Mkuu. Ukitanguliza nzito, ulimi unalala, nyepesi inakuwa kama maji."

Mkurugenzi alivimba kidogo.

"Nyepesi itangulie? Ni lini katika serikali hii mkubwa amemfuata mdogo? Kwenye msafara, nani anakuwa mbele?"

"Pikipiki," alisema Kinyozi.

"Katibu, andika kwamba Kinyozi alinyamaza. Nzito itangulie. Huo ndio utaratibu wa itifaki."

Nyuma ya pazia tukasikia glasi zikibadilishana nafasi. Shemeji alisimama nusu.

"Mkuu, labda kwa leo tufuate tu desturi yao..."

"Keti, Shemeji. Itifaki haina undugu."

Tukapiga makofi. Hata mimi niliguswa. Shemeji aliketi, akaanza kufuta jasho kwa tai yake.

Glasi ya kwanza ikaja. Mkurugenzi aliinywa yote, akaishusha mezani kwa nguvu za dola.

"Hii," alisema, "ni maji ya kuoshea sufuria. Nasahihisha: ni sufuria yenyewe. Aliyeileta hii nchini hatutakii mema."

Shemeji akakohoa. Akakohoa tena, safari hii huku akipunga mkono.

"Mnaona?" alisema Mkurugenzi. "Hata raia wema harufu imewashinda."

Glasi ya pili akaipokea kwa mikono miwili. Alikunywa, akafumba macho. "Inaridhisha," akasema. Akanywa tena. "Inaridhisha sana." Akamaliza, kisha akasema, "Mama yangu," maneno ambayo hayamo katika orodha ya istilahi za Kamati, lakini niliyaandika. Hapo akatoa uamuzi: ya mwisho ipewe Nembo, ya kwanza imwagwe sasa hivi, hadi chupa ya mwisho.

Bwana Mifugo akavuta pazia.

Sitaeleza sura ya Shemeji, maana ni mtu mwenye familia. Lori lake lilikuwa limeegeshwa nje na mzigo mzima, tayari kwa sherehe ya ushindi. Mafundi wa gereji walijitolea. Chupa zilifunguliwa, mtaro ukapokea, povu likapanda mpaka kwenye kizingiti cha duka la jirani. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yakitikisika, na sikuweza kuthibitisha kama ni kilio.

Shemeji alimwinamia Mkurugenzi, akanong'ona kwa sauti iliyofika barabarani.

"Sema umelewa. Ukiwa umelewa uamuzi ni batili. Sema haraka, bado nusu lori."

Mkurugenzi akafungua mdomo. Kwa kuwa kazi ya katibu ni kumkumbusha mkubwa wake, nilisimama nikasoma kanuni: atakayelewa kazini atapoteza cheo chake papo hapo. Mkurugenzi akafunga mdomo. Aliishika meza kwa mikono yote miwili, ili isianguke.

"Mimi," alisema, "sijalewa."

Ikaandikwa.

Mkewe aliingia povu likiwa bado halijatulia. Kaka yake alikuwa amempigia simu. Ni mama wa sauti ya chini, ile ambayo watoto huiogopa kuliko fimbo. Hakumsalimu mtu.

"Baba watoto, kaka yangu anasema ulikuwa umelewa."

Chumba kizima kikasogeza viti.

"Kama umelewa, nakusamehe, inuka twende nyumbani. Pombe ni pombe. Lakini kama ulikuwa na akili zako, ukamwaga mali ya ndugu yangu huku unaona, basi niachie funguo za nyumba hapa mezani."

Mkurugenzi alimtazama mkewe. Akanitazama mimi, kalamu mkononi. Akakitazama kitambulisho chake kifuani, akakinyoosha, maana kilikuwa kimepinda. Mama mkwe wa Kinyozi aliacha kutafuna.

"Akili zangu," alisema, "zilikuwa timamu."

Mkewe akanyoosha kiganja. Funguo zikalia. Kaka na dada wakatoka, yeye mbele, Shemeji nyuma yake akikwepa povu kwa viatu vyake vizuri.

Mkurugenzi alibaki pale. Watu wakaanza kuaga, mmoja mmoja, kwa adabu ya msibani. Kinyozi alijaribu kutocheka, akatoka nje kwanza. Jua lilipoanza kupunguza ukali, Shangazi alikuja kufuta meza, akaifuta mpaka alipofika kwenye viwiko vya Mkurugenzi.

"Uani nina chumba," alimwambia. "Naweka magunia ya shayiri. Lakini kitanda kipo."

Napenda kuufahamisha umma kwamba Mkurugenzi yupo, ana afya, na cheo chake hakijaguswa. Kila asubuhi gari la serikali hurudi kinyumenyume katika uchochoro wa baa, na mlinzi humpigia saluti katikati ya mapipa. Aliagiza kibao cha "Makazi ya Mkurugenzi". Shangazi anakitumia kufunikia ndoo ya kimea.

Juzi Mkurugenzi alikuja na ujumbe wa wageni kutoka wizarani, wenye suti, waje kujionea Nembo ilivyoleta mageuzi. Akawaongoza hadi mlango wa mbele, akajikohoza, akaweka mkono kwenye kitasa. Shangazi alikuwa anamimina. Hakuinua macho.

"Mpangaji," alisema, "zunguka nyuma. Na viatu uvue, nimepiga deki."

Mkurugenzi aliwageukia wageni, akawaambia huo ni utaratibu mpya. Wakavua wote.